Hatukutaka Mipira Miwili

Leo zamu ni yetu, sisi tunaocheza pool pale Base Camp, Nakivale. Wengi mmetuuliza barabarani: "Ile marudiano na timu ya mjini ilikuwaje?" Jibu fupi ni kwamba tulifungwa. Jibu refu ndilo hili. Anayeandika ni yule wetu wa kujitolea kwenye kituo cha vijana, lakini tumekaa wote tukakubaliana maneno, kwa hiyo tunasema sisi.

Kwanza tuseme ukweli. Pool haina jina zuri kambini. Mzazi akisikia pool anafikiria pombe, kamari na kijana anayeamka saa sita mchana. Hatuwezi kukataa, maana tumeyaona, na hata kwetu yametokea, tutafika hapo. Lakini sisi tulianza kwa sababu moja tu: kazi hakuna, jua ni kali, na pale kwenye pool kuna kivuli.

Meza yenyewe iko chini ya turubai, nyuma ya kibanda cha kuchaji simu. Sakafu ni udongo. Mvua ikinyesha mguu mmoja unazama, tunauwekea kipande cha tofali. Kitambaa kilipasuka sehemu mbili, kikashonwa kwa uzi wa viatu, basi mpira ukipita pale unaruka kidogo kama boda boda kwenye tuta. Ukiuachia polepole unaenda wenyewe kuelekea upande wa ziwa. Huo mteremko tunaujua kama tunavyojua njia ya kwenda kuchota maji. Kwa hiyo pale kwetu tuko mabingwa. Mgeni akija, analia.

Gemu moja ni shilingi 500. Unaweka sarafu, mipira inaanguka, mnacheza. Sheria ni ile ile ya kila mahali: mshindi anabaki mezani, aliyeshindwa anatoka, na anayefuata ndiye analipa. Ikumbukeni hiyo sheria, tutairudia.

Mwaka jana tukasikia kuna ligi ndogo ya vijana, timu sita, za senta za karibu na moja ya Mbarara mjini. Tukajiandikisha. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea na kufanya kazi, kwa hiyo hatukuwa na shida ya kutoka. Tunajua wenzetu walioko nchi nyingine hawawezi kutoka kambini bila kibali. Sisi shida yetu ilikuwa nauli tu.

Timu yetu ni watu watano: fundi wa simu, muuza chapati, dada wa saluni, mdogo wetu Mrundi anayefyatua matofali, na kijana Msomali ambaye Kiswahili alikijulia pale pale mezani. Ukimsikia anahesabu kwa Kiswahili, ujue anahesabu mipira.

Zile timu za senta tulipambana nazo. Tulishinda mbili, tukashindwa mbili. Halafu ikaja timu ya mjini.

Tulifika saa nane mchana, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Meza yao ilikuwa sawa kabisa. Kitambaa laini, taa juu yake, hakuna mshono. Wao kila mmoja alikuwa na fimbo yake kwenye mfuko, vipande viwili, anaiunga kwa kuizungusha. Sisi tukachukua fimbo za ukutani.

Mechi ni gemu kumi na tano. Kila mmoja wetu anacheza na watatu wa kwao. Muuza chapati ndiye alianza. Akapiga mpira wa kwanza vizuri sana, kama anavyopiga siku zote, na ukapita pembeni ya shimo. Akatutazama. Sisi wote tulielewa. Mkono wake ulikuwa umehesabu mteremko, na pale mteremko haukuwepo. Meza iliyonyooka ndiyo ilitushinda kwanza, kabla ya watu.

Halafu watu nao wakatushinda. Kilichotuuma ni kwamba hatukuona mapigo ya ajabu. Tulitegemea kuona mtu anapiga mpira unagonga kuta tatu ndiyo unaingia. Hapana. Kila mpira waliopiga ulikuwa rahisi. Hata mtoto angeuingiza. Mpaka gemu ya sita hivi ndiyo tukaanza kuelewa: ulikuwa rahisi kwa sababu pigo la kabla yake liliuacha mpira mweupe pale pale unapotakiwa. Sisi tunapiga halafu tunaangalia mweupe umeenda wapi. Wao wanajua utaenda wapi kabla hawajainama.

Na wakati wote wanacheka. Hawakutucheka sisi, tuseme haki. Walikuwa wanapiga stori zao, mmoja anajibu simu, anarudi, anaingiza mipira minne, anaendelea na simu. Hiyo inauma kuliko matusi.

Tulifungwa 14 kwa 1. Na ile moja? Mchezaji wao aliingiza nyeusi, mweupe ukaifuata shimoni. Alikosea, tukapewa gemu.

Sasa ile aibu nyingine. Wakati tunacheza, mdogo wetu wa matofali alikuwa ameweka pesa na mtu mmoja aliyekaa pembeni. Shilingi 20,000. Hazikuwa zake. Ilikuwa pesa ya mahindi ya mama yake. Mnajua hali ilivyo: tangu mwaka 2023 tulipogawanywa makundi matatu ya msaada wa chakula, nyumba nyingi zimepunguziwa na nyingine zimetolewa. Nyumba yao ni mojawapo ya zile zilizopunguziwa. Mama alikuja mwenyewe pale kwenye turubai, jioni, watu wamejaa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Kwa hiyo sasa tutakula mipira?"

Hakuna aliyejibu. Kesho yake tulienda wote watano, na wa kujitolea akiwa wa sita, tukafyatua matofali siku nne mpaka pesa ikarudi. Dada wa saluni alifunga duka lake siku nne hizo. Tukaandika kwenye karatasi, tukaibandika kwenye mti wa turubai: anayecheza na sisi haweki pesa, hata mia. Iko pale mpaka leo, mvua imeifuta nusu.

Wiki mbili kabla ya marudiano, kapteni wao alipiga simu. Mtu mzuri, tunasema kweli. Akasema ligi imeona tofauti ni kubwa, mechi haitakuwa na ladha, kwa hiyo wako tayari kutupa mipira miwili. Maana yake, kila gemu ikianza, miwili ya kwetu inatolewa mezani. Sisi tunabaki na mitano ya kuingiza, wao saba.

Usiku ule tulikaa mpaka taa ya sola ikazima.

Muuza chapati alitaka tukubali. Alisema: "Mtu akikupa lifti, utakataa ili umuonyeshe una miguu? Tupande tu." Na alikuwa na sababu. Kufungwa 14 mbele ya watu si kitu kidogo. Watu wa senta walikuwa wameshaanza kutuita "Kumi na Nne".

Dada wa saluni alikataa. "Nikimshinda kwa mipira miwili, nimeshinda nini? Na mwakani? Nitamwomba tena miwili? Na nikizoea miwili, si nitataka mitatu?"

Mdogo wetu wa matofali hakuwa na nguvu ya kusema mingi tangu yale mambo ya pesa, lakini siku ile alisema: "Bale beko batu sawa siye tu." Wale ni watu kama sisi.

Halafu yule kijana Msomali akaanza kuhesabu, kwa Kiswahili chake cha mipira. Akasema yeye kwa wiki anapata gemu nne, akipata pesa. Gemu moja ni dakika kumi. Jumla dakika arobaini kwa wiki. Na kwa sababu mshindi ndiye anabaki, yeye anayeshindwa anatoka, anakaa kwenye benchi, anaangalia. Anayejua anazidi kucheza, asiyejua anazidi kuangalia. Wale wa mjini, mwenye baa ni kaka wa kapteni, wanacheza asubuhi mpaka wanachoka. "Hawatushindi mikono," akasema. "Wanatushinda masaa."

Tulinyamaza kidogo. Hapo ndipo tukajua cha kuomba.

Asubuhi tukapiga simu. Tukamwambia kapteni: aksanti kwa mipira miwili, hatuichukui. Lakini kama kweli unataka mechi iwe na ladha, tupe meza. Jumapili asubuhi, kabla baa haijafunguliwa. Tutakuja na nauli yetu. Alikaa kimya mpaka tukafikiri mtandao umekata. Halafu akasema: "Hilo hakuna mtu amewahi kutuomba." Akaahidi kuzungumza na kaka yake.

Tulienda Jumapili mbili tu, maana nauli ya mara ya tatu haikupatikana. Walifungua meza kwa ufunguo, bila sarafu. Kapteni alituonyesha kitu kimoja tu Jumapili ya kwanza: kupiga taratibu. Kwetu tunapiga kwa nguvu ili mpira uvuke mshono. Kwenye meza nzuri nguvu ni adui, mweupe unakimbia hovyo. Saa nzima tulikuwa tunapiga mpira mweupe peke yake, tunajaribu kuusimamisha kwenye kipande cha karatasi. Muuza chapati alichoka akasema hii ni kazi ya gereza. Jumapili ya pili ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye taksi.

Na kambini tulibadilisha sheria. Tulimwomba mwenye meza: Jumamosi mpaka saa sita, meza ikiwa haina watu, anayeshindwa ndiye anabaki. Alituona wajinga, lakini sarafu ni sarafu. Tukachanga. Jumamosi ya kwanza yule Msomali alishindwa gemu saba mfululizo, na kwa mara ya kwanza maishani alicheza gemu saba mfululizo.

Marudiano yalichezwa mjini tena, maana meza yetu haikubaliki kwenye ligi. Tulifungwa 11 kwa 4.

Tunajua, si hadithi ya sinema. Wiki mbili haziwezi kufuta miaka ya meza. Lakini hizo nne hakuna aliyetupa. Hakuna nyeusi iliyoponyoka. Dada wa saluni alichukua mbili, fundi simu moja, na moja Msomali, ambaye baada ya kuingiza nyeusi alisimama tu, hajui aweke fimbo wapi.

Na kuna kitu kimoja hakiko kwenye matokeo. Gemu ya mwisho, kapteni na dada wa saluni. Kila mmoja amebakiza mpira mmoja na nyeusi. Simu ya kapteni ikaita, akaizima. Akawaambia watu wake wanyamaze. Akapaka chaki, akainama, akainuka, akapaka tena. Aliingiza yote miwili, alistahili. Lakini alipaka chaki mara mbili. Tulirudi tunaliongelea hilo njia nzima.

Ndugu zetu wa mashirika, tafadhali msituelewe vibaya. Chakula si mipira miwili. Mama aliyepunguziwa mahindi hachezi na mtu, yeye anataka watoto wake wale, na hapo hatuna falsafa. Tunaongelea mafunzo, mashindano, vyeti, zile siku mnapotuambia "kwa wakimbizi tumerahisisha". Tunajua mnarahisisha kwa roho nzuri, kama kapteni. Lakini kabla ya kututolea mipira mezani, tuulizeni kwanza tunakosa nini. Mara nyingi utakuta ni masaa, kifaa kilichonyooka, na nauli.

Na ninyi vijana wenzetu: ukiona mtu amekuzidi mbali, chunguza kwanza amekaa na hicho kitu masaa mangapi. Halafu muombe hayo masaa. Wengine watakataa. Wa kwetu alikubali.

Mama wa mdogo wetu alituuliza siku ile tuliporudi: "Ngapi?" Tukamwambia 11 kwa 4. "Na pesa?" Tukamwambia hakuna iliyowekwa. Akatazama ile karatasi kwenye mti, halafu akasema imefutika, tuiandike upya.

Jumamosi tupo pale chini ya turubai kuanzia saa tatu. Anayeshindwa anabaki. Njooni mshindwe na sisi.