Kwa Nini Sembia

Mtu akiniuliza aanzie wapi kusoma riwaya za Forgotten Realms, namuuliza kwanza: ungependa kuishi wapi? Wengi hucheka. Wanataka nitaje kitabu, nami nawauliza habari za makazi. Lakini ulimwengu huu ni mkubwa mno kuanza kwa njia nyingine. Ed Greenwood, Mkanada, alianza kuutunga akiwa mtoto, miaka ya 1960, na hadithi zake za mwanzo zilimhusu mfanyabiashara mmoja mnene aitwaye Mirt, mzee wa kuhama bandari moja hadi nyingine. Mwaka 1987 kampuni ya Kimarekani ya TSR iliuchapisha kuwa ulimwengu wa mchezo wa Dungeons & Dragons, na mwaka huohuo ikatoa riwaya ya kwanza, Darkwalker on Moonshae ya Douglas Niles. Tangu hapo zimetoka riwaya zaidi ya 200, zilizoandikwa na watu wengi, wote wakitumia ramani moja na kalenda moja.

Riwaya zaidi ya 200 hazimaliziki, hasa kwa mwanafunzi wa uzamili anayeishi kwa kufundisha tuisheni jioni. Lazima uchague. Wapo wanaochagua kwa mwandishi: anampenda R. A. Salvatore, basi anasoma Salvatore mpaka basi. Wapo wanaochagua kwa mhusika: wanamfuata Drizzt Do'Urden popote aendapo, na Drizzt hachoki kutembea. Mimi nachagua kwa mahali. Natafuta eneo moja kwenye ramani, nauliza nani na nani wameandika juu yake, kisha nawasoma wote, mmoja baada ya mwingine, hata kama hawafanani kwa lolote.

Njia hii sikufundishwa na mtu. Ilitokana na uhaba. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa The Crystal Shard cha Salvatore, cha mwaka 1988, nilichokikuta kwenye turubai la muuza vitabu vya mtumba, Posta, Dar es Salaam, jalada la mbele limeng'oka. Hadithi iko Icewind Dale, kaskazini kabisa, kwenye miji kumi midogo iliyozunguka maziwa matatu, watu wanavua samaki na kuchonga mifupa yao wauze. Mimi ni mtoto wa Tanga, baridi yangu ilikuwa ya Lushoto. Lakini nilichokiamini mara moja katika kile kitabu si theluji. Ni wale wavuvi wanavyogombana kuhusu nani ana haki ya ziwa lipi, hata adui akiwa njiani. Nikarudi kwa yule muuzaji kuuliza kama ana kingine cha hukohuko. Hakuwa nacho. Alikuwa na cha kwingine, na ndivyo nilivyogundua kuna kwingine.

Rafiki zangu wa chuo, walipojua ninachosoma, waliniuliza swali moja wote: kwa nini usisome Chult? Chult ni rasi ya kusini, ya misitu minene na dinosau, na wenyeji wake ni watu weusi. Kwa akili yao, hiyo ndiyo ingekuwa nchi yangu. Nimeisoma. The Ring of Winter ya James Lowder, ya mwaka 1992, ni hadithi inayokwenda mbio na ina mji, Mezro, ambao ningependa kuuona. Ila mhusika mkuu ni mtafutaji aliyetoka kaskazini, na msitu tunauona kwa macho yake. Sikuona kosa la mwandishi hapo. Niliona tu kwamba nimekaribishwa Chult kama mgeni mwenzake, nami nilikuwa natafuta mahali ambapo watu wanaamka asubuhi na kwenda kazini.

Mahali hapo palikuwa Sembia.

Sembia iko kwenye pwani ya kaskazini ya bahari iitwayo Sea of Fallen Stars. Ni nchi ya wafanyabiashara. Hakuna mfalme. Wenye fedha ndio wanaotawala, na heshima ya mtu hupimwa kwa sarafu za dhahabu ziitwazo fivestar. Kwenye riwaya nyingine za Realms, Msembia huonekana kwa ukurasa mmoja au miwili, na huwa ni mtu wa kuchekesha: mnene, mwoga, mwenye pete nyingi. Mashujaa humdharau. Mimi kila nikimwona huyo nilikuwa nageuza ukurasa polepole, nikitaka kujua alikuwa anapeleka nini na kwa bei gani.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa machungwa. Alinunua Muheza, mengine yakiwa bado mtini, akayapakia kwenye malori, akayavusha mpaka Horohoro, akayauza Mombasa. Kwa zaidi ya miaka 20 maisha yetu, nyumba yetu ya Ngamiani yenye vyumba sita, ada zetu, na hata vitabu vyangu, vilitegemea kama lori limekwama mpakani au halikukwama. Machungwa hayasubiri. Basi nilipokuta riwaya ambazo hatari yake kubwa inaweza kuwa mkataba uliovunjwa, nilijua nimefika.

Mwaka 2000 Wizards of the Coast, kampuni iliyokuwa imeinunua TSR mwaka 1997, ilitoa The Halls of Stormweather. Ni kitabu cha hadithi saba za waandishi saba, Greenwood mwenyewe akiwemo, na zote zinahusu nyumba moja katika mji wa bandari wa Selgaunt: nyumba ya ukoo wa Uskevren. Kila mwandishi amepewa mtu mmoja wa nyumba hiyo. Yuko baba, Thamalon. Yuko mama, Shamur. Wako watoto watatu: Tamlin, Thazienne na Talbot. Na wako wawili ambao sikuwatarajia, Erevis Cale, msimamizi wa watumishi, na Larajin, mfanyakazi wa ndani. Baada ya hapo zikafuata riwaya sita hadi mwaka 2003, moja kwa kila mmoja wao isipokuwa baba. Ya kwanza, Shadow's Witness, ilikuwa riwaya ya kwanza ya Paul S. Kemp, ambaye kitaaluma ni mwanasheria.

Ukizisoma kwa kufuatana unagundua jambo ambalo mwandishi mmoja peke yake asingeweza kulifanya vizuri hivyo. Nyumba ni ileile, meza ya chakula ni ileile, lakini Thamalon anabadilika kila anayemtazama akibadilika. Kwa Tamlin ni baba asiyeridhika. Kwa Cale ni bwana anayestahili kuheshimiwa, na uzito wa heshima hiyo ni kwamba Cale aliingia kwenye nyumba ile kama jasusi wa majambazi. Kwa mkewe ni mtu ambaye ameishi naye miaka mingi akimficha yeye ni nani hasa, maana Shamur alichukua nafasi ya binti wa ukoo wao aliyekufa. Na Larajin, samahani kwa ambao hamjasoma, ni binti yake wa kumzaa, anayefagia vyumba vya ndugu zake bila wao kujua. Hakuna hadithi kati ya hizo inayoifuta nyingine. Wahariri walihakikisha tarehe hazigongani, lakini hawakumlazimisha Thamalon awe mtu mmoja.

Nilikuwa nimeshazisoma zote saba kabla baba hajafariki, mwaka juzi.

Siku ya tatu ya msiba alikuja mwanamke kutoka Mombasa, wa makamo ya kaka yangu mkubwa. Alisalimia, akakaa na wanawake, akasaidia kuosha vyombo. Hakusema kitu hadi wageni walipopungua. Kisha akamwomba mama faragha, na mama akatuita sisi watatu. Yule mwanamke alikuwa na cheti cha ndoa cha mama yake, marehemu, na baba yetu. Alikuwa na picha. Kwenye picha moja baba amevaa kikoi, yuko jikoni, ameshika mwiko.

Kaka akasema, "Huyo siyo baba."

Nilimwelewa. Baba wa Ngamiani hakuwahi kuingia jikoni. Alikula anachopewa, akahesabu fedha zake, akazima redio ili ahesabu vizuri. Yule dada akajibu bila kupandisha sauti, kwa Kiswahili chao cha Mombasa: "Babangu alikuwa akija, jikoni haingii mtu. Samaki apika yeye."

Tukanyamaza. Mama ndiye aliyeuliza, "Alimpika kwa nazi au kwa ukwaju?"

"Kwa nazi. Na ndimu nyingi."

Mama akatikisa kichwa. "Ndiye," akasema. "Mwaka wetu wa kwanza alikuwa akinipikia hivyo. Akaja akaacha." Hakueleza kwa nini aliacha, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mirathi ina hesabu zake, na shehe alizipiga palepale mezani baada ya arobaini. Mama thumni yake. Kinachobaki, mtoto wa kiume hisa mbili na wa kike hisa moja. Tulipokuwa watatu, mimi nilikuwa na robo ya hicho kilichobaki. Tulipokuwa wanne, nikawa na sehemu moja ya tano. Kaka alilichukulia hilo kuwa ndilo jambo lenyewe: tumepunguziwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisema tu kwamba cheti kinaweza kughushiwa, ingawa shehe aliyefungisha ndoa ile bado yuko hai na alishathibitisha. Ninadhani fedha hazikuwa kisa. Kaka ndiye aliyekuwa akipanda malori na baba. Alivuka naye Horohoro mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na sasa ilibidi akubali kwamba kila safari ilikuwa na upande ambao yeye alisubirishwa nje ya mlango.

Shahada yangu ni ya historia, na kazi yangu ya utafiti ni masimulizi ya wachuuzi wa soko. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kutokimbilia kuamua nani mkweli pale mashahidi wawili wanapotofautiana. Unauliza kwanza kila mmoja alikuwa amesimama wapi. Darasani hilo ni kanuni nyepesi. Nyumbani nilishindwa kumwambia kaka hata neno moja la namna hiyo, kwa sababu lingesikika kama namfundisha kuomboleza. Nilichofanya ni kuanza kumpigia simu yule dada kila Jumapili. Simuulizi mambo ya nyumba. Namuuliza baba alikuwa akiimba nini, alikuwa akilala saa ngapi, alimpa zawadi gani alipofaulu shule. Naandika kwenye daftari, tarehe juu, kama ninavyoandika za wachuuzi. Mambo mengine hayalingani na ninayoyajua. Nayaacha yalivyo.

Kuna jambo la kusikitisha kuhusu kuchagua eneo kwenye ulimwengu wa pamoja, na sitaki kumficha anayetaka kuanza. Eneo si lako. Wala si la mwandishi unayempenda. Kati ya 2006 na 2008 Kemp alirudi Sembia kwa riwaya tatu, Shadowbred, Shadowstorm na Shadowrealm. Ndani yake nchi inaingia vitani yenyewe kwa yenyewe, na mji mkuu, Ordulin, unaangamizwa. Mwaka huohuo wa 2008 toleo jipya la mchezo likaisogeza kalenda ya ulimwengu mzima mbele karibu miaka 100. Ukifungua ramani ya baadaye unakuta kiza mahali palipokuwa na maduka. Nayajua haya kwa sababu nimesoma muhtasari. Vitabu vyenyewe ninavyo, vyote vitatu kwenye simu, na kwa miaka miwili sijavifungua.

Wasomaji wengine hutatua hili kwa kukataa: kwao Sembia inaishia 2003, na yaliyoandikwa baadaye hayahesabiki. Nawaelewa pia. Lakini msomaji wa namna hiyo lazima achague nani ana haki ya kusimulia na nani hana, na nimeona hilo linavyokuwa pale watu wanapolifanya sebuleni.

Nyumba ya Ngamiani itauzwa Desemba. Hatuwezi kugawana vyumba sita kwa hesabu ya thumni na tano, na hakuna kati yetu mwenye fedha za kuwanunulia wengine hisa zao. Mama atahamia kwa dada yangu, Korogwe. Tumekubaliana kwamba siku ya kusaini wote tuwepo, na wa Mombasa awepo. Kaka alikubali mwisho, kwa ujumbe wa neno moja: "Aje." Juzi ameongeza mwingine, akiuliza kama ana picha nyingine za mzee.

Kwa anayetaka kuanza, basi: anza na The Halls of Stormweather, usiruke hadithi yoyote, hata ile isiyokupendeza. Kisha Shadow's Witness, The Shattered Mask, Black Wolf, Heirs of Prophecy, Sands of the Soul, na Lord of Stormweather mwisho. Vikipatikana kwa mtumba, vinunue hata bila majalada. Mimi nitakuwa kwenye Shadowbred. Nimepanga kuianza ndani ya basi la kurudi Dar, baada ya kusaini.