Mnara Ulioanguka Bado Umesimama

Kazi yangu ni kutazama. Filamu ikiletwa kituoni, iwe makala ya dakika 26 au hadithi ya saa moja na nusu, hupita kwangu kabla haijarushwa. Natazama, nasikiliza, najaza fomu ya tathmini, naipeleka kwa mkuu wa vipindi. Watu wakisikia hivyo huniambia nina bahati, nalipwa kukaa mbele ya televisheni. Hawajui ninachokitafuta. Hadithi nzuri na mbaya kila mtu anaijua mwenyewe akiwa kwake. Mimi natafuta picha imetoka wapi, imepigwa lini, na sauti inayosikika juu yake imerekodiwa wapi. Huko ndiko zinakoharibikia filamu zetu nyingi, na aliyekaa nyumbani hawezi kuona.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib hapa Mji Mkongwe, Unguja, iliporomoka, mnara wa saa ukaenda nayo, watu wawili wakafa. Mjini hakuna asiyeikumbuka siku ile. Lakini mpaka leo naletewa makala, zinasemwa ni mpya, na mnara umesimama wima umepigwa na jua la jioni, msimulizi anatukaribisha Forodhani "hivi sasa". Picha ile ni ya akiba. Imenunuliwa, au imekatwa kwenye kazi ya mtu mwengine, na aliyeihariri hakuvuka bahari. Naandika kwenye fomu: picha ya kabla mnara haujaanguka, iwekewe tarehe au iondolewe. Jibu ninalolipata mara nyingi ni kwamba ratiba imeshatoka.

Kuna wanaoniona mkorofi. Mnara tu, wanasema, una madhara gani? Mimi naona hivi: mtu anayekuwekea mnara ulioanguka, nawe unajua umeanguka, hana kitu cha kumzuia asikuwekee uso wa mtu usiyemjua.

Na inatokea. Kituo chengine, si chetu, kilirusha makala ya dawa za kulevya. Katikati ikapita picha ya vijana wamekaa barazani Kikwajuni Bondeni, wanacheza karata. Hakuna aliyekuwa anatumia kitu. Msimulizi hakusema wanatumia. Alisema tatizo limeshaingia mpaka mitaani, na picha ikamalizia iliyobaki. Mama mmoja wa fleti za kwetu alipanda ngazi mpaka mlangoni kwangu, kwa sababu majirani wanaijua kazi yangu. "Mwanangu," akaniambia, "yule wa shati la kijani ni mdogo wako, unamjua toka yuko chuoni. Nani kawapa ruhusa?" Sikuwa na la kumjibu. Kwenye lugha ya wahariri zile zinaitwa picha za kujazia: msimulizi ana sekunde nane za maneno, panatakiwa kitu cha kuonekana, basi kinachukuliwa kilicho karibu. Tangu hapo kila picha ya kujazia yenye sura ya mtu naiulizia: huyu ni nani, na anajua yumo kwenye filamu ya nini?

Januari ndiyo mwezi mzito kuliko yote. Ikikaribia tarehe 12 zinamiminika makala za Mapinduzi, na ndani yake zimo picha zilezile za angani: watu wanakimbilia pwani, maiti chini. Nyingi zimetoka kwenye Africa Addio, filamu ya Wataliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi iliyotoka mwaka 1966, filamu iliyolaumiwa sana kwa namna ilivyowadharau Waafrika. Anayeyalaani Mapinduzi anazitumia. Anayeyasifu naye anazitumia, ila anazikata fupi. Wote wawili hawaandiki jina la filamu chini ya picha.

Tena zinaongezwa sauti. Nimesikiliza makala ambazo juu ya picha zile pamewekwa milio ya bunduki, vilio vya wanawake, mpaka mtoto anaita. Aliyepiga picha alikuwa angani. Chombo kinachoruka hakimsikii anayelia ufukweni. Sauti zile zimetiwa mezani, na mtu akiwa na moyo anazisikia, analia, na ana haki ya kulia, kwa sababu waliokufa walikufa kweli. Hapa Kikwajuni wapo wazee waliofiwa mwaka wa Mapinduzi. Ndio hasa ninaowafikiria ninapoandika kwamba chanzo cha picha hakikutajwa na sauti si ya tukio. Wanastahili kujua nani alikuwa anawatazama, yuko wapi, na kipi kimeongezwa baadaye.

Sauti ndiyo inayonipa habari nyingi, kuliko picha. Ukimhoji mtu Mji Mkongwe jioni, adhana lazima iingie, tena kutoka misikiti kadhaa inayofuatana. Mhariri anapokata maneno ya mzungumzaji na kuunganisha mwanzo na mwisho, mdomo unaweza kuonekana sawa, hasa akifunika kiungo kwa picha ya kanga au mlango wa nakshi. Adhana haifichiki. Inaanza, inaruka, inapotea katikati ya neno. Hapo najua kuna maneno yametolewa, na naomba nisikilizishwe mahojiano mazima. Wengine wanaleta. Wengine wanasema hadidisk imefutwa.

Kuna kelele ninazoziachia. Unguja ilikaa bila umeme kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na mahojiano yote ya miezi ile yana jenereta linanguruma nyuma. Siku hizi kuna programu za kulisafisha, na vijana wanalisafisha kwa bidii. Mimi nasema liacheni. Ndivyo kisiwa kilivyokuwa kinasikika.

Kila filamu naisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza kwa hedifoni. Mara ya pili ukumbini kwangu, kwenye televisheni ya kawaida, feni inazunguka, madirisha wazi, na ikiwa kuna mechi Uwanja wa Mao basi ndiyo vizuri zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyotazama. Filamu za hadithi nyingi zinaanguka hapa. Maiki ilikuwa juu ya kamera, mwigizaji yuko mbali, halafu muziki umepandishwa chini ya kila neno ili kuficha upepo. Mhariri alifanya kazi yake usiku kwenye chumba kimya, hedifoni masikioni, akasikia kila kitu. Bibi wa ghorofa ya chini anasikia kinanda, anauliza, "Kasema nini?" Anayekaa karibu naye anamsimulia, na wote wawili wanakosa maneno yanayofuata.

Wala hawa si watazamaji wageni. Televisheni ya rangi imeanza Unguja mwaka 1973. Bara walisubiri mpaka 1994 kupata kituo chochote. Mzee wa fleti hizi aliyetazama muda wote huo hadanganyiki kwa rangi nzuri na kamera ya angani. Anachonyimwa ni maelezo.

Inawezekana kufanya vizuri. Tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kurushwa 2012, ilitengenezwa kwa fedha za wafadhili na ina ujumbe wa afya ndani, lakini mwongozaji Karabani na wenzake walikaa Bagamoyo na unamsikia mhusika wao Cheche anapozungumza na mkewe. Na kuhusu mwimbaji Bi Kidude zimepigwa picha nyingi mno za sigara na mvi. Filamu ya As Old As My Tongue ya Andy Jones, ya 2006, ilimpa nafasi azungumze mwenyewe, na tangu alipofariki Aprili 2013 thamani yake inazidi.

Hivi karibuni binti mmoja alikuja na filamu yake ya wakulima wa mwani wa Paje kabla hajaifunga. Hilo ni adimu. Wengi wanaleta ikiwa imeshakwisha na haiguswi. Msimulizi alikuwa amewafunika kinamama wote, hata pale mama mmoja anapotaja bei ya kilo na kueleza kwa nini ameiacha kazi. Nikamwambia amtoe msimulizi pale. Alirudi Paje wakati wa bamvua, akaingia majini na maiki, akarekodi maji, kamba, na wale mama wakiitana. Machweo yote aliyokuwa ameyachukua kutoka kazi za watu akayatoa. Chini ya kila picha ya zamani akaandika mwaka.

Filamu imebaki dakika 19. Nafasi kwenye ratiba ni ya dakika 26. Kaambiwa aijazie. Kwenye fomu nimeandika isijazwe, irushwe kama ilivyo, na mkuu wa vipindi bado hajanijibu.