Masizi

Kila asubuhi injini ya haibridi ya baba ilitetemeka ikiwaka, kama mtu mwenye homa. Fundi akashauri tuzibe kwa kipande cha bati njia inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Baba akakubali. Mimi nikakataa: moshi ule, ukishapoozwa, hushusha joto la mwako. Tukiuzuia, gasketi ndiyo itakayoteseka.

"Kumbe shahada ya pili wanafundisha na ugereji?" baba aliuliza. Bado ana kinyongo. Niliacha kazi ili nisome.

Jumamosi nikafungua vali, bomba na kipoozeo cha moshi chini ya mwembe wetu wa hapa Isevya. Wazee husema miembe hii ni ya mbegu za misafara ya Ujiji. Tundu la kupitisha kidole lilikuwa limebaki la kijiti cha kiberiti. Nikaloweka, nikakwangua, nikasugua kwa mswaki chakavu. (Vaeni glavu. Kucha zangu zilikaa nyeusi wiki nzima.)

Jioni baba alitoka na kigoda, akaketi kimya. Baadaye akaokota vali, akaichungulia kwenye mwanga.

"Hapa hujamaliza, mwanangu. Nipe huo mswaki."