Nauli ya Makunduchi

Miaka mingi nimeitumikia sanaa pembeni mwa jukwaa. Sauti za Busara ilipoanza mwaka 2004, na Ngome Kongwe ikajaa wageni, mimi nilihangaikia jambo dogo: usafiri wa wazee wa shamba waje mjini kughani tungo zao. Mfadhili mmoja aliridhia taa na spika. Nauli akaifuta, eti si sanaa. (Hesabu za namna hii ndizo zinazotumaliza.) Basi tukaenda sisi Makunduchi, kwa nauli zetu. Mkeka, kivuli cha mwembe, kahawa na kashata. Bibi mmoja akaimba nyimbo za Mwaka Kogwa hadi adhana ya Magharibi. Vijana tuliofuatana nao wakauliza maana ya maneno ya Kikae. Wajukuu zake nao wakauliza.