Mpe Jembe, Mwonyeshe na Shamba

"Mwalimu, inawezekana watoto hodari wakose swali, halafu wale wa mkiani walipate?"

Tulikuwa tumekaa kwenye mgahawa mdogo wa Gikondo, hapa Kigali, chai ya maziwa ikipoa mezani. Aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wa takwimu, mwaka wa tatu. Siku chache kabla nilimpa majibu ya jaribio la hisabati la shule moja, maswali 40 ya kuchagua, majina ya watoto yakiwa yamefutwa. Nilimwambia atazame kila swali, aone kama linawatenganisha wanaojua na wasiojua. Swali la 17 lilikuwa limewageuza juu chini.

Sikumjibu. Alichukua kalamu, akalikokotoa swali lile kwenye ukingo wa karatasi, kisha akarudia. Jibu lilikuwa C. Ufunguo wa majibu uliandikwa B. Aliyetunga jaribio alikosea, na watoto waliojua wakanyimwa alama.

"Kwa hiyo waliadhibiwa kwa kujua," alisema.

Nilijua hapo hapo kwamba fani ya vipimo vya elimu imempata.

Mimi mwenyewe niliingia humu bila kuongozwa na mtu. Nilikuwa mwalimu wa hisabati wakati serikali ilipoamua, mwaka 2008, kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto aliyegawanya sehemu ubaoni huku akicheka. Hesabu ile ile ilipoandikwa kama fumbo la maneno kwa Kiingereza, aliacha karatasi nyeupe. Nikampa sifuri, kisha sikulala vizuri. Nilikuwa nimempima hisabati au Kiingereza? Swali hilo ndilo lililonitoa darasani likanipeleka kwenye vitabu vya upimaji, navyo nikavisoma usiku, peke yangu.

Katika nchi hii swali hilo ni zito. Kabla ya 1994 kulikuwa na mfumo ulioitwa iringaniza: nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kuangalia kabila na mkoa wa mtoto. Mtoto aliweza kufanya vizuri akabaki nyumbani. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mtihani wa taifa ulibebeshwa kazi ya kurudisha imani, kwamba anayepita apite kwa jasho lake. Leo mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, NESA, iliyoundwa mwaka 2020, ndiyo inayosimamia mitihani ya kumaliza shule ya msingi na ile ya hatua mbili za sekondari. Mtihani hapa ni mizani ya haki, na mizani isiyo na fundi siku moja itadanganya.

Mafundi hao hawapatikani kwa urahisi. Kijana wa Kigali anayezijua namba huitwa na benki, na kampuni za simu, na bima. Aliyesoma saikolojia huenda kwenye ushauri nasaha. Aliyesomea ualimu huenda darasani. Upimaji wa elimu umekaa pale njia hizo tatu zinapokutana, na njia panda haina mwenyewe. Ndiyo maana sijawahi kukutana na mtoto aliyesema akikua atakuwa mchambuzi wa mitihani. Kijana huvutwa na kitu kimoja alichokiona kwa macho yake, kama lile swali la 17. Kumvuta, basi, si kazi ngumu sana. Mimi nilishindwa kumbakisha.

Yule binti wa swali la 17 alifanya kazi nami hadi alipohitimu na hata baadaye. Alisafisha data usiku, kwa bando alilonunua mwenyewe. Alikuja kwa pikipiki, nauli kutoka mfukoni mwake. Ripoti yetu ilipotoka, jina langu lilikuwa juu, lake halikuwamo. Nilijiambia bado ni mchanga, zamu yake itafika. Nilimsifu kila wiki, nikadhani sifa ni mshahara.

Mwaka wa tatu tangu tuanze kazi pamoja, alikuja kuniaga. Alisema kwa adabu, macho chini: "Mwalimu, benki wamenionyesha hata cheo nitakachofikia baada ya miaka miwili. Hapa sijui mimi ni nani."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa jembe siku ya kwanza, shamba sikumwonyesha.

Kwa muda nililaumu vijana wa siku hizi, nikalaumu na benki. Kisha nikakumbuka ninachofundisha kila muhula: swali likiwapoteza wanafunzi bora, usiwalaumu wanafunzi kabla hujakagua ufunguo. Walio bora walikuwa wakiondoka mikononi mwangu mmoja baada ya mwingine. Ufunguo wenye kosa ulikuwa mimi.

Nimebadilisha mambo machache. Majina ya watakaoandika ripoti tunayapanga siku kazi inapoanza, si siku inapochapwa. Nauli na bando huingia kwenye bajeti kabla ya safari zangu. Kila anayeingia namkabidhi kwa kijana aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili, kwa sababu kuna maswali ambayo hataniuliza mimi kwa kuogopa kuonekana mjinga. Na kila mwaka nawaonyesha maswali niliyowahi kuyatunga yakaharibika, ili wajue kwamba kukosea humu hakumfukuzi mtu; kunakofukuza ni kuficha.

Ewe mwenzangu uliye na kijana mezani pako, iwe ofisini, maabarani au karakanani, fungua kazi ya mwisho uliyoitoa, uangalie ni jina la nani halimo.

Sasa nafanya kazi na vijana wanne. Ripoti yetu ya karibuni ina majina matano. Langu ni la tano.