Sarafu Tano za Nyanya

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako mna mkebe wa sarafu kuukuu, nakusihi usiguse ndimu wala majivu kabla hujanisoma mpaka mwisho. Mimi niligusa, na hadi leo sijasahau.

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, nikaenda likizo kwa nyanya yangu huko Sop Sop, wilayani Tororo. Marehemu Babu alikuwa askari wa King's African Rifles, mmoja wa wale waliopigana Burma. Alipoachiliwa jeshini mwaka 1946 alirudi na akiba yake, na shilingi tano za akiba hiyo Nyanya alizitunza katika mkebe wa majani ya chai kwa zaidi ya miaka sitini. Zote zilikuwa za mwaka 1945: upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita, upande wa pili simba mbele ya milima, na herufi SA, alama ya kiwanda cha Pretoria. Zama hizo shilingi hiyo moja ilinunua chumvi Tororo na Busia, ng'ambo zote mbili za mpaka, kwani Uganda, Kenya na Tanzania zilianza kutoa fedha zao zenyewe mwaka 1966.

Katika hizo tano, moja ndiyo aliyowekewa kiganjani siku Babu alipokuja kumposa. Hiyo Nyanya alikusudia kumpa Shangazi, na nne zilizosalia wagawiwe watoto wengine. Mimi nikaona aibu kwamba urithi ugawiwe ukiwa mweusi. Nikachukua majivu ya jikoni na ndimu, nikasugua mpaka zikametameta.

"Nyanya, tazama!"

Akazigeuza moja moja, polepole. "Mjukuu wangu, ile yangu iko wapi?"

"Zote zipo, Nyanya. Hesabu, ni tano."

"Tano naziona. Nakuuliza ile yangu."

Ile yake ilikuwa na ukingo wa buluu kama shingo ya njiwa, na katikati rangi ya asali. Nyanya hakujua kusoma. Rangi hiyo ndiyo iliyokuwa maandishi yake. Mwishowe alimpa Shangazi zote tano, akasema, "Chukua, mojawapo ndiyo." Watoto wengine hawakupata kitu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu nilikuwa mimi.

Miaka mingi baadaye, mzee mmoja wa Tororo anayekusanya sarafu alinieleza nilichokifuta. Fedha haishiki kutu kama chuma. Inapokutana na hewa yenye kiberiti, itokayo katika moshi, mpira, sufu, mayai au karatasi duni, huvaa utando mwembamba mno. Mwanga ukigonga utando huo huonyesha rangi, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Kwanza huja manjano, kisha wekundu wa zambarau, kisha buluu. Utando ukizidi unene, huwa mweusi. Shilingi zetu za mwaka 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu ya uzito wao, iliyobaki ni shaba na madini mengine, hivyo aghalabu huishia kijivu au kahawia. Rangi nzuri juu yake si jambo la kila siku. Zile zilizotolewa tangu mwaka 1948 hazina fedha kabisa. Ni shaba na nikeli.

Wakusanyaji hupima sarafu kwa daraja za 1 hadi 70, kipimo alichokianzisha Dk. William Sheldon wa Marekani mwaka 1949. Huko yapo makampuni ya upimaji, kama PCGS na NGC, yaliyoanza kazi miaka ya 1986 na 1987. Sarafu yenye rangi ya asili iliyotandaa vizuri huvuta macho, na mnunuzi huweza kuongeza bei kwa ajili yake. Dola za fedha za Marekani zilizolala miaka mingi katika magunia ya turubai hupendwa hasa kwa sababu hiyo. Lakini weusi mzito unaoficha mng'ao hushusha thamani. Na iliyosuguliwa hainyimwi tu sifa. Mara nyingi hunyimwa hata daraja la namba, ikaandikwa kwamba imesafishwa. Kwa nini? Kwa sababu majivu hayaondoi rangi peke yake, huchuna na ngozi ya sarafu na kuacha mikwaruzo isiyofutika. Wapo pia wadanganyifu wanaopaka rangi kwa dawa na moto ili sarafu ionekane ya kale. Wajuzi wakiitambua rangi hiyo huikataa vilevile.

Ndugu zangu askari na polisi, najua mmefunzwa kung'arisha bizimu na vifungo kila alfajiri, na hiyo ni heshima ya sare. Lakini bizimu iko kazini. Sarafu ya kale ni shahidi, na shahidi haoshwi uso. Ishike kwa ukingo, usiisugue hata kwa kitambaa laini. Iweke katika bahasha ya karatasi safi, mahali pakavu, mbali na moshi wa jiko. Usiifunge kwa mpira, wala usiitie katika plastiki laini inayotoa utomvu wa kijani. Zaidi ya yote, muulize mwenye kitu kabla ya kukifanyia wema.

Nyanya ametutoka. Kila nimtembeleapo Shangazi huniletea zile bahasha tano tuzitazame. Rangi imeanza kurudi: mbili zina manjano ukingoni, moja inaelekea buluu. Shangazi huishika hiyo ya buluu kwa muda mrefu, kisha huniuliza kama ndiyo. Nami sina la kumjibu.