Likizo ya kwa Bibi: kusafiri na watoto wadogo kutoka Maskati

Ikifika mwezi wa Mei hapa Maskati, mazungumzo ya kina mama tunaokutana Ijumaa hubadilika. Hakuna tena habari ya bei ya samaki wala ya walimu wa skuli. Ni tikiti, mizigo, na nani anatangulia. Joto limeshapita nyuzi 40, watoto wanashinda ndani kwenye kiyoyozi, na kila mmoja wetu anautamani upepo wa kusi. Huku kunaungua, kule Unguja ni kipupwe, na usiku mtu hujifunika shuka.

Wengi wanaotoa ushauri wa kusafiri na watoto huwa wanafikiria hoteli na ufukwe. Sisi hatwendi hoteli. Tunakwenda kwa mama, Jang'ombe, nyumba yenye watu kumi na mmoja kabla hatujafika, na kuna jamaa wa mume Tanga wanaotaka kuwaona watoto. Ushauri wa watalii hautufai sana. Mwingine hata unaweza kukugombanisha na ndugu zako.

Mwaka jana nilitangulia peke yangu na wangu wawili, wa kiume miaka mitano, wa kike mwaka mmoja na nusu. Baba yao alibaki kazini akatufuata baada ya wiki tatu. Kwa hiyo nilibeba barua yake ya ruhusa yenye sahihi, na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Hakuna aliyeniuliza barua, lakini nitaibeba tena. Pasi za watoto ziangalie mapema, maana muda wake hukwisha bila mtu kukumbuka. Bataka za ukaazi pia. Na kama mtoto wako ana pasi ya nchi nyingine, jua kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Lipa kwenye mtandao kabla hujaondoka, usije ukahangaika uwanjani na mtoto aliyelala begani.

Ndege yenyewe si shida kubwa, ni saa tano hivi. Mdogo nilimnyonyesha wakati wa kupaa na wakati wa kushuka, masikio hayakumuuma. Mkubwa nilimpa maji anywe kidogo kidogo. Dawa zote, nguo mbili za kila mtoto na moja yangu ziwe kwenye mkoba wa mkononi (mtoto akitapika hatapiki juu yake peke yake). Kigari cha mtoto nenda nacho mpaka mlango wa ndege, ila ukifika Ng'ambo usikitegemee. Vichochoro vyetu vinataka kanga na mgongo. Nguo mbichi tia kwenye mfuko wa kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, Zanzibar kwa miaka mingi na Bara tangu Juni 2019.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, nalo ni mbu.

Sisi tuliokulia Unguja au Tanga tulizoea malaria kama mafua. Ukiumwa, unapewa vidonge vichungu vya klorokwini, mwili unawasha, baada ya siku tatu uko uwanjani. Ndiyo maana mtu mzima anayerudi likizo haogopi. Lakini kinga ile huja kwa kuugua mara kwa mara, na ukiishi mbali miaka mingi hupungua. Mtoto aliyezaliwa Maskati hana kabisa. Oman nayo ilikuwa na malaria nyingi zamani, ikaanza kampeni kubwa ya kuitokomeza mwaka 1991, na leo watoto wetu wanakua bila kuijua. Kwa ugonjwa huu mtoto wangu ni mgeni sawasawa na Mzungu aliyeshuka jana, hata akiwa na jina la babu yake.

Kuna watakaosema Unguja malaria imekwisha. Imepungua sana, kweli. Tangu 2003 ilipoanza kutumika dawa mseto, kisha vyandarua na kupuliza dawa majumbani, imeshuka mpaka wapo madaktari vijana wanaoiona kwa nadra. Haijakwisha. Watu wanavuka bahari kila siku kwenda na kurudi Bara, na Tanga, tulikokuwa tunakwenda, bado ipo ya kutosha.

Mwezi mmoja kabla ya safari tulikwenda kwa daktari wa watoto. Alitupimia uzito na kutuandikia vidonge vya kila siku, kuanzia siku moja kabla ya kuondoka hadi siku saba baada ya kurudi. Zipo dawa za aina kadhaa na nyingine haziwafai wadogo, kwa hiyo usigawane na jirani. Cha mdogo nilikisaga nikakichanganya na maziwa ya kopo, kwa sababu dawa ile hufanya kazi vizuri ikienda na kitu chenye mafuta. Siku ya tatu alikuwa ananyoosha mkono kukidai.

Dawa ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwa mama yangu.

Usiku wa kwanza nilipotoa chandarua kwenye sanduku alinitazama muda mrefu.

"Hicho cha nini? Humu ndani hamna mbu."

"Mama, hawa hawajapata kuumwa na mbu wa huku. Damu zao ngeni."

"Ngeni? Si damu yangu hiyo?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa hajamwona mjukuu wa pili tangu azaliwe, amemngoja mwaka na nusu, na mtu wa kwanza anayeingia ndani anatundika wavu kati yake na mtoto. Asubuhi yake alinyamaza. Maji ya kuchemsha nayo yalimuudhi, maana ni kama kumwambia mtungi wake mchafu.

Wifi yangu ndiye aliyeniokoa, bila kukusudia. Alisema, "Mwachie bibi kazi hiyo, wewe uko likizo." Basi nikaenda kwa mama nikamwomba: mimi usiku nachoka, silijui giza la hapa tena, wewe ndiye utakayewaingiza watoto ndani ikifika magharibi, na chandarua ni chako, kukichomeka chini ya godoro mpaka asubuhi. Mbu wa malaria huuma tangu jua linapozama mpaka alfajiri, nikamweleza. Akasema anajua, yeye si mtoto. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kuacha pembe ya chandarua wazi. Mwanangu wa kiume, ambaye alifika akimjibu bibi yake kwa Kiarabu, wiki ya pili nilimsikia ndani ya chandarua akisema, "Bibi, chomeka na hapa." Maji nayo akayachemsha mwenyewe, kwenye sufuria yake, na kuwaambia majirani kwamba ndivyo yeye afanyavyo siku zote.

Tumbo liliwapata wote wawili hata hivyo, kama linavyowapata wengi. Beba pakiti za ORS kutoka huku au nunua duka la dawa lolote kule. Pakiti ile ya kawaida ni ya lita moja ya maji safi, usiipunguze ili ladha ikolee. Endelea kunyonyesha. Mtoto akilegea, macho yakaingia ndani, au asikojoe saa nyingi, hiyo si ya nyumbani tena, nenda hospitali. Madafu ni mazuri, ila hayashiki nafasi ya ORS.

Kwenda Tanga tulipanda boti hadi Dar, saa mbili, na kusi likivuma bahari haina huruma: kaeni katikati ya boti, chini, na msile pilau kabla. Kisha basi, kilomita 350 hivi. Kwa watoto wa umri ule ni safari ndefu kuliko ya kutoka Maskati, na mara nyingine nitalala Dar usiku mmoja. Kwa wakwe nilitumia njia ile ile, chandarua mkononi kwa bibi wa pili, na huyu hakuuliza kitu. Wajukuu wake wa pale pale walikuwa wanalala ndani ya vyandarua.

Baada ya kurudi Maskati, siku ya kumi na mbili, mdogo akapata homa ya 39. Kwenye kliniki daktari alitazama koo akasema mafua, msimu wake huu. Huenda. Lakini mwaka juzi mtoto wa jirani yetu alirudi kutoka Bara, akaambiwa mafua mara mbili kwa sababu hakuna aliyetaja safari, na siku ya tano aliingizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Alipona, alhamdulillahi. Basi nikasema wazi: tulikuwa Tanga, naomba kipimo cha malaria leo. Daktari akakubali. Kilikuwa safi. Homa iliporudi kesho yake niliomba tena, kwa kuwa kipimo kimoja safi hakitoshi, na cha pili nacho kilikuwa safi. Ilikuwa sikio.

Malaria huchukua wiki moja au zaidi kujitokeza, na huweza kuja hata baada ya miezi, hata kwa aliyemeza dawa. Nimebandika karatasi kwenye friji, yenye tarehe tuliyorudi na majina ya mahali tulipolala, ili hata baba yao akiwapeleka yeye kliniki aisome kama ilivyo. Itakaa pale mwaka mzima. Mama alipoiona kwenye simu ya video aliuliza kwa nini Jang'ombe imeandikwa ya pili.